Prosesa Inayochemka: Kuendesha Kompyuta ya Gemu kwenye Joto la Dar

Ukiniambia prosesa yako, yaani ubongo wa kompyuta, inafika nyuzi 85 ukiwa unacheza gemu, nitakuuliza kwanza: chumba chako kina nyuzi ngapi? Wengi hawana jibu. Wana programu ya kupima joto la prosesa, wametazama video za watu wa Ulaya wakiipima prosesa hiyohiyo, lakini hawajawahi kuweka kipimajoto mezani. Bila namba ya chumba, namba ya prosesa haikwambii kitu. Nimeishi na jambo hili Tabata, Dar es Salaam, kwenye chumba cha paa la bati, na nataka kulieleza kwa kirefu kwa sababu naona vijana wakimaliza fedha kwa kununua vitu ambavyo havigusi ugonjwa wenyewe.

Kompyuta yenyewe ni ya kawaida kwa watu wa gemu wa hapa mjini: prosesa Ryzen 5 3600, ile iliyotoka Julai 2019, na kadi ya grafiki GTX 1660 Super. Juu ya prosesa palikuwa na kipoozeo kinachokuja ndani ya boksi, dude fupi la alumini lenye mapezi na feni moja. Kasha lilikuwa zuri la kutazama, kioo mbele, kioo ubavuni, taa za rangi kila kona.

Miezi ya kusi ilikwenda bila shida. Kaskazi ilipoingia, mambo yakabadilika. Gemu inaanza laini kabisa, kisha baada ya muda picha inaanza kukwama, fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zinashuka, feni zinapiga kelele mpaka jirani anasikia. Ukitoka kwenye gemu ukaiacha ipumzike, inarudi vizuri. Ukianza tena, shida ileile. Hiyo ndiyo tabia ya joto: linakuja taratibu na linaondoka ukiipumzisha mashine. RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ikiwa haitoshi au diski ikiwa imechoka, kukwama hakufuati mpangilio huo wa kupanda na kupoa.

Niliipeleka kwa mafundi. Mmoja alisema, "Kaka, hii weka Windows upya." Mwingine akashauri nibadilishe power supply. Dukani nikaambiwa ninunue kipoozeo cha maji na nitasahau shida zote. Hakuna aliyewasha programu ya kupima akaitazama gemu ikiwa inaendelea. Siwalaumu sana. Mteja wa kwetu hulipia kitu kilichobadilishwa, hapendi kulipia saa nzima ya mtu kukaa kutazama namba. Lakini saa hiyo ndiyo ingenionyesha kila kitu, kwa hiyo nikaikaa mwenyewe.

Nilitumia HWiNFO64, programu ya bure. Ina mistari mingi ya kutisha, ila kwa kazi hii nilihitaji mitatu tu: joto la prosesa, kasi yake kwa gigahezi, na wati inazotumia. Kwa Ryzen 5 3600 kikomo cha joto kilichowekwa na watengenezaji ni nyuzi 95. Ikikaribia hapo haiungui wala hailipuki. Inajipunguza yenyewe: inashusha kasi na volteji ili joto lisipite kikomo. Kasi yake ya juu kabisa ni gigahezi 4.2 na ya msingi ni 3.6. Yangu ilikuwa inaanza gemu ikiwa karibu na 4.1, halafu joto linafika 95, na kasi inateremka mpaka chini ya 3.4. Hapo ndipo gemu ilipokuwa inakwama.

Jambo hili linawapotosha watu wengi. Prosesa ikishafika kikomo, namba ya joto inasimama. Utaona 95, na kesho kukiwa na joto zaidi utaona 95 ileile, ukadhani hali haijabadilika. Kinachobadilika ni kasi, inazidi kushuka. Kwa hiyo usitazame joto peke yake. Joto likiwa limesimama kwenye kikomo na kasi inaporomoka, mashine inaumwa. Joto likiwa 80 na kasi haijatetereka, mashine ni nzima, hata kama namba hiyo haikupendezi.

Binamu yangu anaishi Maskati. Ana prosesa kama yangu na kipoozeo kilekile cha boksini. Kule kiangazi nje hupita nyuzi 40, na mimi nikawa nafikiri yeye ndiye angekuwa na hali mbaya zaidi. Nikamwomba anipimie. Yake ilikuwa inasimama kwenye 82, haikwami hata kidogo. Nikamuuliza joto la chumba. Akasema kiyoyozi hakizimwi, chumba kiko 23. Nikafanya hesabu: 82 ukitoa 23 unabaki na 59. Yangu ilikuwa 95 kwenye chumba cha 32, yaani tofauti ya 63, na hiyo ni baada ya prosesa kujibana. Vifaa vyetu vilikuwa vinafanya kazi karibu sawa. Kilichotutenganisha kikubwa ni hewa tunayovipa.

Tangu siku hiyo sisomi tena joto la prosesa kwa namba yake tupu. Nasoma tofauti kati yake na chumba. Kipoozeo cha feni hakitengenezi baridi. Kinachukua joto la prosesa na kulikabidhi kwa hewa inayopita, na hewa hiyo ikiwa tayari ina nyuzi 32, kila kitu kinaanzia hapo. Kwa wati zilezile, tofauti inabaki karibu ileile. Chumba kikipanda nyuzi 10, prosesa nayo inapanda karibu nyuzi 10. Mtu anayepima vifaa kwenye chumba cha nyuzi 21 na kukwambia "inafika 75 tu" amekwambia kweli, lakini kwenye chumba cha Tabata saa kumi jioni mwezi wa pili hiyo ni 86 au 87. Ukisoma vipimo vya wenzetu, tafuta kwanza walipima kwenye chumba cha nyuzi ngapi. Wapimaji makini huandika, na wengine huandika moja kwa moja nyuzi zilizozidi joto la chumba.

Unyevu wa pwani hauna kosa hapa, ingawa watu huusingizia. Unatuchosha sisi kwa sababu jasho halikauki. Prosesa haitoi jasho. Inachojali ni joto la hewa na wingi wa hewa inayopita. Unyevu una madhara mengine, nitayataja kwenye vumbi.

Baada ya kupata tofauti ile nikajua cha kutafuta: ni nyuzi ngapi ni za chumba, ngapi zinatokana na kasha, na ngapi zinatokana na kipoozeo chenyewe? Nilinunua Kariakoo kipimajoto kidogo cha waya, vile ambavyo watu hutumbukiza kwenye friji. Nikakipitisha ndani ya kasha, ncha ikaning'inia karibu na feni ya prosesa bila kugusa chuma. Chumbani 32, ndani ya kasha 44. Yaani kipoozeo kilikuwa kinapewa hewa ya nyuzi 44 kisha kinalaumiwa kwa kushindwa kupoza. Kadi ya grafiki iko chini yake inamwaga wati 125 humohumo, na hewa hiyo haikuwa na njia ya kutoka kwa haraka.

Kipimo kilichonifungua macho hakikunigharimu hata shilingi. Nilifungua kioo cha ubavuni, nikacheza gemu ileile, sehemu ileile, muda uleule. Joto likashuka kutoka 95 hadi 86 na kasi ikakaa juu ya 4. Hapo ukajua kasha lina hatia. Kisha nikarudisha kioo cha ubavuni na kuondoa kile cha mbele peke yake. Ikawa 88. Maana yake tatizo kubwa lilikuwa mbele: feni tatu nzuri zenye taa zilikuwa nyuma ya kioo kilichoacha upenyo mwembamba pembeni, zikivuta hewa isiyokuwepo. Ni sawa na kumfunika mtu uso kwa kanga iliyokunjwa kisha kumwambia akimbie.

Kila anayelalamika kwamba kompyuta inachemka namwomba aanze na kipimo hicho kabla hajatoa fedha mfukoni. Ukifungua ubavu na joto likashuka sana, acha kwanza habari ya kipoozeo kipya, maana ukikifunga kwenye kasha hilohilo kitanyonya hewa ileile iliyopikwa. Ukifungua na joto lisishuke, au lishuke nyuzi moja mbili tu, basi shida iko kati ya prosesa na kipoozeo, au kipoozeo chenyewe ni kidogo.

Sikununua kasha jipya. Nilimpelekea fundi wa madirisha ya alumini vipimo vya ule upande wa mbele, akanikatia fremu nyembamba na kuibana wavu. Nilimwomba wavu wenye matundu makubwa kuliko ule wa mbu, kwa sababu wavu wa mbu nao unazuia hewa. Kuna wanaofunga soksi nyembamba za kike mbele ya feni ili kuzuia vumbi. Vumbi kweli linazuilika, ila soksi ikishajaa umerudi kwenye kioo. Wavu wangu ulinigharimu nyuzi moja tu ukilinganisha na kuacha wazi, nikaona ni bei nzuri. Feni zikabaki hivi: mbele zinaingiza, ya nyuma na ya juu zinatoa. Hakikisha kila feni inaelekea unakotaka, kwa kushika karatasi nyepesi mbele yake na kuona kama inavutwa au inasukumwa. Nimeshakuta kompyuta ya mtu ambapo feni ya nyuma ilikuwa inaingiza hewa moto ya ukutani kurudi ndani.

Na ukuta wenyewe ni sehemu ya hesabu. Usiisukumize kompyuta ndani ya kabati la meza, wala nyuma yake isigusane na pazia. Yangu niliitoa kwenye kona ya ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la mchana nikaiweka upande wa mlango.

Baada ya hewa nikaenda kwenye pesti, ile dawa nyeupe au ya kijivu inayokaa kati ya prosesa na kipoozeo. Kazi yake watu wanaielewa vibaya, wanadhani yenyewe ndiyo inapoza, hivyo wanaimwaga kwa wingi. Chuma mbili zikikutana hazigusani kila mahali. Zina mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho, na mabonde hayo yana hewa. Hewa hupitisha joto vibaya sana. Pesti inafukuza hewa hiyo na kukaa mahali pake. Lakini pesti yenyewe hupitisha joto kwa kiwango kidogo mno ukilinganisha na alumini au shaba, hivyo unataka tabaka jembamba kuliko yote. Tone la upana wa milimita 4 au 5 katikati linatosha. Mkandamizo wa kipoozeo utalisambaza.

Hapa kuna hatari ambayo lazima niiseme kwa sauti kwa wenye prosesa za soketi (tundu la kukalia prosesa) ya AM4 kama hii yangu. Prosesa hizo zina pini 1,331 chini yake, na soketi haina kifuniko cha chuma kinachoishikilia kwa juu. Pesti ikikauka inageuka gundi. Ukivuta kipoozeo juu kwa nguvu, prosesa inang'oka nayo kutoka kwenye soketi iliyofungwa, na pini zinapinda. Nimeona prosesa nzima ikiharibika hivyo mezani kwa fundi. Dawa yake ni rahisi: endesha gemu kwa muda mfupi ili pesti ilainike, zima, chomoa waya wa umeme, legeza skrubu zote kwa zamu, kisha zungusha kipoozeo kushoto na kulia taratibu mpaka kiachie chenyewe. Ndipo ukiinue. Pesti ya zamani ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ukipata ya 70 tu, itafanya kazi, ila subiri ikauke kabisa. Usitumie petroli wala thina. Wakati wa kufunga, kaza skrubu kwa kuvuka, hii kidogo, ya pembe ya pili kidogo, mpaka zote zifike mwisho. Ukikaza upande mmoja kwanza, kipoozeo kinakaa mshazari na pesti inakusanyika upande mmoja.

Vumbi nililitoa siku hiyohiyo. La Dar ni zito kwa sababu ya unyevu: linashikana na kuwa kama blanketi kati ya mapezi, na bloa peke yake hailing'oi. Nilianza na brashi laini ya rangi, kisha bloa, nikiwa nimeshika panga za feni kwa kidole zisizunguke, maana upepo wa bloa unaweza kuzizungusha kupita uwezo wa beringi zake. Wanaokaa jirani kabisa na bahari wana kazi zaidi, kwa sababu chumvi ya hewa ikichanganyika na vumbi bichi inakula chuma na miguu ya vifaa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Wao wasisubiri mpaka feni zipige kelele.

Pesti mpya na usafi vilinipa nyuzi 7. Nikawa kwenye 82, tofauti ya 50 juu ya chumba, kwa kipoozeo kilekile cha boksini. Gemu haikwami tena. Mtu angeweza kuishia hapo na nisingembishia.

Mimi niliendelea, kwa sababu kelele ya ile feni ndogo ilinichosha. Kuhusu kipoozeo cha maji nilifikiri sana, nikakikataa. Maji yanabeba joto kutoka kwenye prosesa mpaka kwenye rejeta, na rejeta inalikabidhi kwa hewa ileile ya chumba. Hakuna kipoozeo cha maji wala cha feni kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Kwa prosesa kubwa zinazokula wati 200 na zaidi, rejeta pana ina faida ya wazi. Kwa prosesa ya wati 65 ni fedha nyingi kwa nyuzi chache, na pampu ikifa mashine inasimama, wakati kipoozeo cha mnara, yaani kile kirefu cha feni, kikifa feni unabandika feni nyingine ya sentimita 12 maisha yanaendelea. Nikanunua cha mnara, chenye paipu nne za shaba. Ndani ya paipu hizo kuna kimiminika kidogo: upande wa prosesa kinageuka mvuke, kinapanda kwenye mapezi, kinapoa na kurudi chini. Havihitaji pampu. Pima tu urefu kabla ya kulipa. Vingi ni kati ya milimita 150 na 160, na makasha membamba hayafungi. Joto likashuka hadi 72, na kelele ikaondoka.

Lakini hatua ninayoipenda kuliko zote haikuhitaji kununua kitu. Mpaka hapo nilikuwa nalihamisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda chumbani, na chumba hicho mimi ndimo ninamokaa. Kompyuta inayotumia zaidi ya wati 200 inazimwaga zote kama joto, usiku kucha kama unacheza usiku kucha. Mlango ukifungwa kwa sababu ya mbu, chumba kinapanda, na prosesa inapanda nacho. Kwa hiyo nikaanza kupunguza joto kwenye chanzo. Kwenye BIOS, mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, nikaweka Eco Mode, ambayo inashusha kikomo cha umeme cha prosesa hii kutoka wati 88 hadi takribani 60. Nilitarajia gemu ziathirike. Kwenye gemu nyingi ninazocheza sikuona tofauti kwa macho, kwa sababu gemu hazitumii viini vyote sita kwa nguvu zote kwa pamoja, na zile megahezi za mwisho ndizo zinazokula umeme mwingi kwa faida ndogo.

Pili, nikaweka kikomo cha fremu. Skrini yangu inaonyesha picha 75 kwa sekunde. Kuiacha kadi ya grafiki itengeneze 140 ni kuchoma Luku kwa picha ambazo jicho halitaziona zote. Angalia hasa menyu za gemu: zisipowekewa kikomo, baadhi hukimbiza mamia ya fremu kwa ukurasa uliosimama tu, na kadi inawaka kuliko ukiwa uwanjani. Baada ya hatua hizo mbili prosesa ikakaa 63 kwenye chumba cha 32, na UPS, ile betri ya akiba, ikawa inastahimili muda mrefu zaidi umeme ukikatika. Kusi ikirudi, naondoa Eco Mode nikitaka, na mara nyingi nasahau hata kuiondoa kwa sababu sina ninachokikosa.

Rafiki wa Mbeya aliniandikia kwamba yeye hana haja na haya kwa sababu Juni kwao ni koti. Ni kweli chumba chake kinamfaidisha sana. Ila Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo kuliko ya pwani kwa feni ileile. Tofauti yake juu ya chumba ilikuwa kubwa kidogo kuliko nilivyotegemea kwa kipoozeo alichonacho. Bado yuko salama mbali na kikomo.

Mpwa wangu sasa anajichangia fedha za kompyuta yake, na anataka Ryzen ya kizazi cha 7000, zile zilizoanza kutoka Septemba 2022. Alikuja akiwa na wasiwasi: "Shikamoo mjomba. Nimesoma hizi zinafika 95 hata na kipoozeo kikubwa. Si zitakufa?" Nikamwambia hapana. Zile kubwa zimeundwa ziende mpaka 95 zikipewa kazi nzito, zitumie nafasi yote ya joto iliyopo ili zipate kasi zaidi. Kwa hizo namba ya joto peke yake inakusaidia kidogo kuliko hata kwa yangu; ukifunga kipoozeo bora, joto linaweza kubaki palepale na kasi ikapanda. Nimemwambia akishaifunga, kabla hajaniletea malalamiko yoyote, aniandikie vitu vinne kwenye karatasi moja: joto la chumba, joto la prosesa, kasi yake na wati zake, gemu ikiwa imeshaenda nusu saa. Kipimajoto cha waya nimeshampa.